Warumi 5:12: Paulo aliishia wapi, na sisi tulianzia wapi? (Uzi kuhusu eksejesia na theolojia ya utaratibu)

Msomaji wa Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Wazee wangu, shikamooni.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mwinjilisti kijana katika mtaa mmoja wa kijijini, tulimzika mtoto wa siku nne. Hakuwa amebatizwa. Watu walipotawanyika, mama yake alinivuta pembeni, chini ya mwembe, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwinjilisti, pale kaburini imesomwa kwamba mauti ilitufikia wote kwa sababu wote tumefanya dhambi. Huyu wangu alifanya lini?"

Nikamjibu upesi, kama nilivyofundishwa: sote tulitenda dhambi ndani ya Adamu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nionyeshe palipoandikwa."

Nikafungua Biblia yangu, ile ya Union Version ya 1952 ambayo wengi wetu tumekulia. Warumi 5:12: "Kwa hiyo, kama kwa mtu mmoja dhambi iliingia ulimwenguni, na kwa dhambi hiyo mauti, na hivyo mauti ikawafikia watu wote kwa sababu wote wamefanya dhambi." Nikausoma mara mbili. Maneno "ndani ya Adamu" hayakuwamo. Mama yule hakunisuta, alisubiri tu. Sikuwa na neno.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu ya dakika ile. Baadaye nilikwenda chuo cha theolojia, nikakuta swali la yule mama lina historia ya miaka zaidi ya elfu moja na mia tano, nikakuta pia kwamba ndilo swali linalotenganisha, au linalopaswa kuunganisha, masomo mawili: eksejesia na theolojia ya utaratibu.

Kwa wasioyazoea maneno haya: eksejesia ni kazi ya kulifungua andiko lenyewe. Nani anasema, anasema na nani, kwa lugha gani, sentensi inaanzia wapi na inakomea wapi. Theolojia ya utaratibu inauliza Biblia nzima, pamoja na yale kanisa lilikwisha kukiri, inasema nini kuhusu jambo moja (Mungu, mwanadamu, dhambi, wokovu), kisha inayapanga majibu hayo yasipingane. Chuoni kwetu masomo haya yalikuwa na walimu wawili na vyumba viwili. Saa mbili asubuhi tulifundishwa kwamba mstari huu hausemi hivyo. Saa nne tukafundishwa fundisho lililojengwa juu ya kusema hivyo. Hakuna aliyetuonyesha njia ya kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili mnipinge vizuri: mfafanuzi kazi yake ni kutuonyesha Paulo aliponyamaza. Mwanatheolojia ana ruhusa, na wakati mwingine ana wajibu, wa kusema hapo Paulo aliponyamaza. Asichoruhusiwa ni kuyatia maneno yake kinywani mwa Paulo.

Naendelea hapo chini na mstari wenyewe.

Msomaji wa Usiku

Tuingie kwenye Kigiriki, nitakwenda polepole. Maneno yote yaliyoleta kishindo ni mawili: *eph' hō*. Ukiyachukua moja moja ni kama "juu ya ambacho". Yakikaa pamoja, kwa Kigiriki cha wakati ule, kwa kawaida huwa kiunganishi: "kwa kuwa", "kwa sababu". Paulo anayatumia pia katika 2 Wakorintho 5:4, na wafasiri wengi wanaona maana ni hiyo hiyo.

Watafsiri wa kale wa Kilatini waliyageuza neno kwa neno: *in quo*. Na *in quo* kwa Kilatini inasomeka kirahisi kuwa "ambaye ndani yake". Hapo sentensi ikageuka: mauti ikawafikia watu wote, kwa mtu yule ambaye ndani yake wote walifanya dhambi.

Sasa angalieni jambo ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili tunaweza kuliona vizuri, maana lugha yetu ina ngeli. Ukisema "ambaye" nimejua ni mtu. Ukisema "ambayo" nimejua si mtu, labda ni dhambi, labda ni mauti. Kilatini na Kigiriki nazo zina upatanisho wa namna hiyo, ila haufanani. Kwa Kilatini *quo* inaweza kurudi kwa mtu au kwa dhambi, lakini si kwa mauti, kwa sababu *mors* ni ya kike. Kwa Kigiriki *hō* inaweza kurudi kwa mtu au kwa mauti, lakini si kwa dhambi, kwa sababu *hamartia* ni ya kike. Mlango uliofunguka katika lugha moja umefungwa katika nyingine.

Mwandishi mmoja aliyekuwa Roma wakati wa Papa Damaso, kati ya 366 na 384, ambaye wasomi wamempa jina la Ambrosiaster kwa kuwa jina lake halisi limepotea, aliandika kwamba *in quo* maana yake ni ndani ya Adamu. Augustino, askofu wa Hipo (leo ni Algeria), akalichukua neno lake akidhani ni la Mtakatifu Hilari. Na hapa nataka tumtendee haki Augustino, maana mitandaoni anasemwa kama mtu asiyejua kitu. Kigiriki chake kilikuwa haba, na mwenyewe anaungama alivyolichukia somo hilo utotoni. Lakini karibu mwaka 420, akiwajibu Wapelagio (waliokana kwamba tunazaliwa na dhambi ya Adamu), alisema wazi kwamba "ambayo" haiwezi kuwa dhambi, kwa kuwa kwa Kigiriki dhambi ni ya kike. Aliufuata upatanisho. Kilichompita ni kwamba maneno yale mawili si lazima yarudi kwa nomino yoyote, ni kiunganishi. Tena mpinzani wake, Juliano wa Eclanum, alimwambia hivyo hivyo: maana yake ni "kwa sababu". Augustino hakukubali.

Kwa hiyo Biblia iliyokuwa mkononi mwangu pale makaburini ilikuwa upande wa Juliano kwa sarufi, na mdomo wangu ulikuwa upande wa Augustino kwa fundisho. Hakuna aliyeniambia.

Neno Tupu

Bwana Yesu asifiwe, mtumishi. Nimesoma yote kwa makini. Lakini kwa maelezo yako mwenyewe si umeonyesha kwamba hiyo theolojia ya utaratibu ndiyo ugonjwa? Mtu aliingia na fundisho lake mkononi, akalipachika kwenye mstari. Mimi nimehudumu miaka ishirini na mbili nikiwa na Biblia, itifaki (kile kitabu cha kutafutia maneno ya Biblia) na maombi tu. Sina mfumo wa mtu yeyote. Andiko hujifafanua lenyewe. Tuacheni mambo ya akina Augustino, tubaki na Neno.

Msomaji wa Usiku

Amina, mzee wangu, na heshima yako iko palepale. Nakubali nusu ya kwanza. Kuhusu nusu ya pili, naomba tusome pamoja sura moja tu: 1 Samweli 15.

Mstari wa 11, BWANA mwenyewe anasema anajuta kwa kumtawaza Sauli awe mfalme. Mstari wa 29, Samweli anamwambia Sauli kwamba Mungu si mwanadamu hata ajute. Mstari wa 35, sura inafungwa kwa kusema BWANA alighairi kumtawaza Sauli. Kinywa kimoja cha kitabu, sura moja, na kwa Kiebrania kitenzi ni kile kile mara zote tatu.

Ukihubiri sura hiyo Jumapili, utafanya nini? Wengi watasema: mstari wa 29 ndio unaoeleza Mungu alivyo, na ule wa 11 unasema kwa namna ya kibinadamu ili tuelewe. Inawezekana ni sawa. Lakini mstari gani katika sura ile umekuambia kwamba 29 ndio kipimo na 11 ndio lugha ya picha? Hakuna. Umeuleta kutoka katika usomaji wako wa Biblia nzima, kutoka Hesabu, Malaki, Yakobo, na kutoka kwa waliokufundisha kwamba Mungu habadiliki. Huo ndio utaratibu, mzee wangu. Umekuwa nao miaka yote ishirini na miwili, na huenda ni mzuri sana. Ila kwa kuwa hujaupa jina, hakuna mtu anayeweza kukusaidia kuukagua.

Na itifaki yenyewe, ile ya kutafutia maneno, inatutega. Inakupangia mistari yote yenye neno "roho" kana kwamba waandishi wote walimaanisha kitu kimoja kila mara. James Barr, msomi wa Biblia, aliwaonya wasomi wenzake kuhusu kosa hilo mwaka 1961: kukusanya maana zote za neno kutoka kila mahali, kisha kuzimwaga zote katika mstari mmoja. Tunafanya hivyo kila wiki katika mahubiri, tukiamini tunaliacha andiko lijifafanue.

Katekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Naandika kama Mkatoliki, na sikuja kugombana.

Mwanzisha uzi amesema kweli kuhusu *in quo*. Mtaguso wa Trento, kikao cha tano, 17 Juni 1546, uliunukuu mstari huu kwa Kilatini hicho ulipofundisha juu ya dhambi ya asili. Kabla ya hapo Baraza la Karthago la 418 lilifanya hivyo. Wengi wakishafika hapo husema, "Basi kanisa lilijenga juu ya tafsiri mbovu, nyumba imeanguka."

Sasa sikilizeni. Mwaka 1979 Kanisa lilitoa Vulgata Mpya, Biblia yake rasmi ya Kilatini. Katika Warumi 5:12 *in quo* imeondolewa, pameandikwa *eo quod*, yaani "kwa sababu". Roma yenyewe ndiyo iliyosahihisha. Na Katekisimu ya 1992, kifungu cha 402, inaponukuu mstari huo inasema "kwa sababu", tena inatanguliza mstari wa 19: kwa kutotii kwa mtu mmoja wengi walifanywa wenye dhambi. Kifungu cha 404 kinaeleza kwamba hii inaitwa "dhambi" kwa mlinganisho tu. Ni hali tunayoipokea, si tendo tulilolitenda. Kwa hiyo nguzo moja ilibadilishwa na nyumba ikabaki.

Kuhusu yule mama, mwinjilisti wangu, moyo umeniuma. Nasi tulikuwa na maswali hayo hayo. Kifungu cha 1261 kinawakabidhi watoto waliokufa bila ubatizo kwa huruma ya Mungu, na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilitoa waraka mzima juu ya tumaini la wokovu wao. Ningekuwa pale ningemwambia hayo.

Msomaji wa Usiku

Milele amina, mzee wangu. Marekebisho ya 1979 ndiyo niliyokuwa nataka kuyaleta, umenitangulia na umeyasema vizuri kuliko ningeweza.

Naomba niongeze jirani yake kutoka upande wetu wa Matengenezo, kwa sababu nimemsoma zaidi. Ni Calvin, mwalimu wa Matengenezo wa karne ya kumi na sita.

Watu wanamjua Calvin kwa mfumo. Kitabu chake cha mafundisho, *Institutio*, kilianza 1536 kikiwa na sura sita, kikafika toleo la mwisho la 1559 kikiwa na sura themanini. Lakini mtu huyo huyo aliandika ufafanuzi wa sehemu kubwa ya Biblia, akianza na Warumi, uliotoka Strasbourg 1540. Na aliamua vitabu hivyo viishi pamoja. Katika utangulizi wa toleo la 1539 anamweleza msomaji kwamba kwa kuwa mijadala mirefu ya mafundisho imewekwa mle, ufafanuzi wake wa maandiko utaweza kuwa mfupi. Aliona Melanchthon, mwalimu mwingine wa Matengenezo, akifafanua Waraka wa Warumi kwa kuchagua hoja kuu na kuruka nyingine. Aliona Bucer, naye wa Matengenezo, akiandika marefu mpaka msomaji mwenye shughuli anachoka. Yeye alitaka mstari upewe nafasi ya kusema neno lake, na lile linalotaka kurasa hamsini lihamie kitabu kingine. Nikisoma hivyo naona mtu aliyejua kwamba mfafanuzi akilazimishwa kubeba mfumo mzima katika kila mstari, atauponda mstari.

Matunda yake yanaonekana. Calvin aliamini Utatu kwa moyo wote. Lakini alipofika Mwanzo 1:1, neno *Elohim* ambalo lina umbo la wingi, alikataa kulitumia kama ushahidi wa Nafsi tatu. Alipofika Yohana 10:30, "Mimi na Baba tu umoja", alisema watu wa kale walilitumia vibaya andiko hilo kuthibitisha kwamba Kristo ni wa asili moja na Baba. Kristo pale anasema juu ya upatano wake na Baba. Kwa hayo, karibu miaka thelathini baada ya kufa kwake, Mlutheri Aegidius Hunnius aliandika mwaka 1593 kitabu cha kumshtaki kwamba anawafanyia kazi Wayahudi na Waario (waliokana kwamba Kristo ni Mungu sawa na Baba). David Pareus akamjibu 1595 akimtetea.

Nimekaa na mashtaka hayo muda mrefu. Hunnius aliogopa kwamba ukiondoa mstari, fundisho linapungua. Calvin alijua kwamba mstari usiobeba ukiuondoa, ile iliyobaki inaonekana vizuri zaidi kwamba inabeba.

Lakini sitaki kumfanya malaika. Turudi kwenye 5:12 yetu. Calvin hakufuata "ndani yake" ya Augustino; alisoma "kwa kuwa wote wamefanya dhambi". Halafu akaeleza: kufanya dhambi hapa maana yake ni kuwa tumeharibika, kuwa na upotovu wa asili tunaozaliwa nao. Mnaona kilichotokea? Sarufi imesahihishwa, kisha kitenzi kimejazwa maana ambayo mfumo ulikuwa ukiihitaji. Kitenzi cha Paulo pale ni kile kile cha 3:23, "wote wamefanya dhambi". Ni tendo. Hata mfafanuzi mwaminifu namna ile, mfumo ulimshika mkono bila yeye kuona.

Fundi Sarufi

Mkuu, uzi mzuri, ila hapa nakukata. Unamweka mfafanuzi juu kama hakimu na mwanatheolojia kama mshtakiwa. Unasema "Kigiriki kinasema kwa sababu", kana kwamba kesi imefungwa. Haijafungwa. Joseph Fitzmyer, Mjesuiti, alichambua *eph' hō* mwaka 1993 akasema maana ni "matokeo yake": mauti ikawafikia wote, na matokeo yake wote wakafanya dhambi. John Meyendorff, Mworthodoksi, aliona inaweza kurudi kwa mauti yenyewe: kwa sababu ya mauti wote walifanya dhambi, mtu anayeogopa kufa hutenda maovu ili aishi. Na huko mashariki walikosoma Kigiriki bila kupitia Kilatini, Krisostomo, askofu na mhubiri wa Kigiriki, alifundisha kwamba kwa anguko la Adamu hata wasiokula tunda wamekuwa wa kufa. Mkazo wao ni mauti tuliyorithi, kuliko hatia tuliyorithi.

Kwa hiyo wafafanuzi nao hawakubaliani. Nani atawaamua? Ukiwaachia wafafanuzi peke yao utapata makala elfu na hakuna fundisho hata moja la kumfundisha mtoto wa kipaimara.

Tena mbona hujagusa 1 Wakorintho 15:22? "Katika Adamu wote wanakufa." "Katika Adamu" hiyo hapo.

Msomaji wa Usiku

Nimekubali kukatwa, na ninashukuru. Nianze na mwisho. 1 Wakorintho 15:22 inasema katika Adamu wote *wanakufa*. Haisemi katika Adamu wote walitenda dhambi. Hatua ya kutoka kufa hadi kutenda dhambi inaweza kuwa sahihi, ila ni hatua, na mwenye kuipiga aseme ameipiga.

Kuhusu hakimu. Machi 30, 1787, katika Chuo Kikuu cha Altdorf huko Ujerumani, Johann Philipp Gabler alitoa hotuba ya kuanza kazi yake ya ualimu. Alitaka theolojia ya Biblia itenganishwe na theolojia ya mafundisho: ya kwanza ni ya historia, inasema waandishi watakatifu waliwaza nini, ya pili inafundisha, na hubadilika kwa kadiri ya wakati, mahali na mtu anayeifanya. Nia yake haikuwa kuiua ya pili. Alitaka ya kwanza iwe msingi imara wa ya pili. Lakini warithi wake wengi walichukua ukuta wakaacha mlango. Vile vyumba viwili nilivyosoma mimi ni vyumba vya Gabler, na Gabler mwenyewe asingependa kuviona vilivyo.

Hapo uko sahihi kabisa: mfafanuzi akikaa peke yake, anaweza kumaliza maisha akihesabu uwezekano. Karl Barth, mwanatheolojia wa Uswisi, alipofukuzwa ualimu katika Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, mwaka 1935, neno lake la kuwaaga wanafunzi lilikuwa eksejesia, eksejesia, na tena eksejesia. Na huyo ndiye aliyeandika juzuu za mafundisho ya kanisa zenye maelfu ya kurasa, ndani yake akiweka kwa maandishi madogo kurasa na kurasa za ufafanuzi wa vifungu. Hakuona kwamba lazima achague.

Ila ngoja nikuonyeshe mahali ambapo wafafanuzi wote uliowataja wanakutana, maana ndipo penye uzito. Paulo hakuimaliza sentensi ya 5:12. Isome tena: "Kwa hiyo, *kama* kwa mtu mmoja dhambi iliingia..." Kama, halafu? Mtu akisema "kama vile", tunasubiri "vivyo hivyo". Haiji. Paulo anakatiza, anaingia kwenye habari ya sheria mstari wa 13, anasema mstari wa 14 kwamba mauti ilitawala tangu Adamu mpaka Musa, hata juu ya wale wasiofanya dhambi ifananayo na kosa la Adamu, anaonya mstari wa 15 kwamba karama haiko kama kosa. Ndipo mstari wa 18 anairudia na kuikamilisha: "Basi tena, kama kwa kosa moja watu wote walihukumiwa adhabu, kadhalika kwa tendo moja la haki watu wote walihesabiwa haki yenye uzima."

Yaani tumegombana karne kumi na sita juu ya nusu ya sentensi, na nusu ya pili ni habari za Kristo. Paulo hakuwa anajibu swali "dhambi hupitaje kutoka kwa Adamu kuja kwangu". Alikuwa anasema mmoja alivunja kwa ajili ya wengi, na Mmoja ametengeneza kwa ajili ya wengi, na la pili limelizidi la kwanza. Njia ya kupita hakuitaja. Pale alinyamaza.

Na hapo ndipo mwanatheolojia anapoanza kazi halali, maana swali lipo hata kama Paulo hakulijibu. Augustino alisema ni kwa kuzaliwa. Wengine wakasema ni kwa uwakilishi, kama mzee wa ukoo anavyoweka agano na ukoo wote ukafungwa nalo. Wengine mauti kwanza, dhambi baadaye. Kila jibu lina maandiko linayoyabeba na maandiko linayolemewa nayo: Zaburi 51:5 (mtu kuumbwa katika hali ya uovu) upande huu, Ezekieli 18:20 (mwana hatauchukua uovu wa baba yake) upande ule. Hata maneno yetu ya Kiswahili, "dhambi ya asili", tayari ni theolojia, kwa sababu "asili" kwetu ni mwanzo na pia ni tabia ya kuzaliwa nayo, na tunaposema hivyo hatujui tumesema lipi kati ya hayo mawili.

Tena hata "wote" mbili za mstari wa 18 zinatudai. Ukiichukua "wote" ya kwanza ilivyo, je, ya pili? Mstari wa 17 unasema "wao wapokeao". Mfafanuzi ataniletea mistari yote miwili mezani. Kuamua ninavyoishi nayo, na ninavyoihubiri, hakutatoka katika kamusi.

Neno Tupu

Nimerudi. Nimeifungua 1 Samweli 15 jana usiku na jioni ya leo. Nimekaa nayo. Sijakubaliana na wewe yote, lakini swali lako kuhusu mstari wa 29 sikuwa nalo jibu la papo hapo. Nitaiombea.

Msomaji wa Usiku

Asante sana, mzee wangu. Nami naomba uniombee.

Dada wa Kwaya

Nimesoma kimya tangu mwanzo, mengine yamenipita. Mimi nilipoteza mtoto pia. Naomba kuuliza moja tu: yule mama, ulimrudia?

Msomaji wa Usiku

Pole sana, dada yangu. Pole kutoka moyoni.

Ndiyo, nilimrudia, baada ya miaka sita. Nilimkuta anapepeta mahindi uani. Nilimwambia kwamba siku ile nilimjibu kwa maneno ambayo hayakuwa ya Paulo. Nikamwambia kwamba Paulo hasemi popote mwanawe alifanya dhambi gani, na sisi tuliosema tulisema kwa ujasiri ambao hatukuwa na haki nao. Nikamsomea mstari wa 14, wale ambao mauti iliwatawala ingawa hawakufanya kosa kama la Adamu, nikamwambia kwamba Paulo aliwaona watu wa namna hiyo, hakuwapita. Kisha nikamsomea mpaka 18, pale sentensi inapoisha.

Aliweka ungo chini. Akaniomba nirudie mstari wa 14, polepole. Nikarudia. Akauliza kama nina kalamu. Akaingia ndani akatoka na Biblia yake, jalada lilikuwa limeshonwa kwa uzi mweusi, akafungua Warumi, akanipa nimpigie mstari chini ya maneno "hata wao". Nilipomaliza akapuliza wino ukauke.